Urani Zizini Kwetu

Baba yangu alitoa ng'ombe wa mahari yangu akapewa jiwe la urani. Nasema jiwe kwa kuwa ndivyo lilivyoitwa, na nasema urani kwa sababu hiyohiyo. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja upande wa Serengeti. Kila mwaka nawafundisha kidato cha nne namna kiini cha atomu kinavyopasuka, na kila mwaka wapo wanaosinzia, nami siwalaumu sana, maana kipindi chenyewe huja baada ya chakula cha mchana. Sikujua kwamba mwanafunzi wangu mgumu kuliko wote angekuwa mzee aliyenizaa.

Kwa asiyejua mambo ya kwetu Matongo, lazima nieleze wale ng'ombe walikuwa wa nini. Binti akiolewa, ng'ombe wanaoletwa si wa baba yake kuchezea. Binti ana kaka aliyepangiwa, na ng'ombe wa binti huyo ndio kaka atakaowatoa siku akitaka kuoa. Mimi nilipangiwa mdogo wangu wa kiume anayenifuata. Nilipoolewa Robanda, ng'ombe walitoka kwa wakwe zangu wakaingia zizini kwa baba, na tangu siku hiyo mdogo wangu alikuwa akiwatazama kila jioni kama mtu anayemtazama mkewe akirudi kutoka kisimani. Alikuwa na msichana wake katika kijiji cha Kemambo, na walipendana wenyewe, bila kusukumwa na mtu. Kilichobaki ni wazee wa msichana kuja kuchagua ng'ombe. Bila ng'ombe hakuna mke, na mdogo wangu hana dada mwingine.

Ndipo akaja mtaalamu.

Alitokea ng'ambo ya mpaka wa Sirari, amevaa koti la mvua katikati ya kiangazi na glavu za kufanyia usafi. Mimi sikumwona. Alinisimulia mama, na mama ana kipaji cha kuwaigiza watu anaowadharau. "Mzee, hii kitu iko na nguvu mbaya sana," ndivyo alivyomwambia baba. "Ndio hii walitengenezea bomu. Usifungue, itakuchoma macho. Mnunuzi ako njiani anatoka majuu, lakini mimi siwezi ngoja, niko na mgonjwa hospitali." Kitu chenyewe kilikuwa kimeviringishwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na ndani ya mpira, kwa maelezo yake, kulikuwa na madini ya risasi kutoka betri kuukuu za magari, ya kuzuia mionzi isiue kijiji. Akatoa kiredio, akakiondoa kwenye stesheni kibaki kinakoroma, akakisogeza karibu na jiwe, kikakoroma zaidi. Mama alikiona kidole gumba kikiongeza sauti. Baba hakukiona kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye utajiri. Kisha simu ya baba ikawekwa juu ya jiwe, mtandao ukakatika. Mtandao wa Matongo hukatika hata ukipiga chafya, lakini siku hiyo ulikatwa na urani.

Ng'ombe wakavushwa mpaka kwa njia za panya. Baba yangu, mtu asiyenunua mbuzi mnadani bila kumfungua mdomo na kumkagua meno, alinunua kitu alichokatazwa kukifungua.

Nilipopata habari nilifunga safari. Nilimkuta mzee ameketi ndani ya zizi, kwenye kigoda, miguu ameinyoosha kuelekea chungu kilichofukiwa nusu ardhini na kufunikwa kwa samadi mbichi. Samadi, kwa utafiti wake, inazuia mionzi inayoua na kupitisha ile inayotibu.

"Shikamoo, tata," nikasema, maana kwetu ndivyo tunavyomwita baba.

"Marahaba, mama. Usisogee sana, wewe bado unazaa."

"Ng'ombe wa mdogo wangu wako wapi?"

Akaelekeza fimbo kwenye chungu. "Wamo humo. Wote."

Goti lake lilikuwa limepona, alisema. Alikaa pale kila asubuhi na kila asubuhi goti lilikuwa jepesi kidogo. Wakati huohuo kuna ndama alikuwa amekufa, na huyo naye aliuawa na mionzi. Nilimuuliza mionzi inajuaje kutofautisha goti la mzee na tumbo la ndama. Akanijibu kwamba sisi tuliosoma tunapenda maswali kuliko majibu.

Nisimcheke peke yake. Watu waliovaa suti na kuandika vitabu walifanya yaleyale kabla hajazaliwa. Urani ilipojulikana mara ya kwanza haikuwa na kazi ya maana. Waliitia kwenye glasi, sahani na vigae vipate rangi ya kupendeza, na watu wakalia chakula kwenye sahani hizo. Baadaye ikagunduliwa radiamu, ambayo hupatikana humohumo kwenye mawe ya urani na hung'aa gizani. Mabwana wa Ulaya na Marekani wakaichanganya na maji ya kunywa, wakauziana kama dawa ya nguvu, ya uzee, na ya magoti pia. Wengine ilikuja kuwala mifupa ya taya. Kwa hiyo baba yangu alikuwa msomi mzuri, ila alichelewa tu, na bahati yake ilikuwa kwamba ndani ya chungu hamkuwa na mionzi hata ya kumchoma sisimizi.

Nilivuta kigoda, nikamfundisha kama ninavyofundisha darasani. Nikamwambia kila kitu kimejengwa kwa atomu, na kila atomu ina kiini. Kiini cha urani ni kikubwa mno, kimejaa hadi kinashikamana kwa shida, kama gunia la mahindi lililoshindiliwa mpaka nyuzi zinalia. Kipige na chembe ndogo iitwayo nyutroni, kinapasuka vipande viwili. Hapo hutoka joto, na hutoka nyutroni nyingine mbili au tatu, ambazo nazo huenda kupasua viini vingine, na hivyo hivyo mpaka mji mzima unaungua au taa za mji zinawaka, kutegemea nani ameshika mambo.

"Ndiyo hii," alisema baba, akitazama chungu kwa mapenzi.

"Siyo hii. Hata urani ya kweli ikichimbwa haifanyi hivyo, tata. Karibu yote ni ya aina isiyopasuka kirahisi. Ile inayopasuka ni chini ya moja katika mia. Lazima watu wajenge viwanda vikubwa, waigeuze iwe gesi, waizungushe kwenye mitambo miaka na miaka, ndipo wapate kiasi cha maana. Au waiweke kwenye tanuri la nyuklia igeuke plutoni. Hakuna mtu anayetembea na bomu ndani ya tyubu ya baiskeli."

"Hiyo moja katika mia ndiyo nimeuziwa mimi," akasema. "Kwa nini unafikiri ilikuwa na bei?"

Nikabadilisha njia, nikamletea historia. Nikamsimulia kwamba siri ya mpasuko ilifichuliwa Ujerumani karibu na vita kuu ya pili. Wakemia walipiga urani kwa nyutroni wakapata kitu wasichokielewa, wakamwandikia barua mwenzao, mwanamke, aliyekuwa amekimbia nchi ile asiuawe kwa sababu ya kabila lake. Mwanamke huyo akiwa ugenini, kwenye baridi, alikaa na mpwa wake wakapiga hesabu, wakaona kwamba kiini kimepasuka. Tuzo kubwa akapewa mwanamume aliyeandika barua.

Baba alifikiri, akauliza, "Huyo mwanamke alikuwa ameolewa?"

"Hapana."

"Basi," akasema, kana kwamba tumemaliza hesabu.

Kosa langu la mwisho siku ile lilikuwa kumtajia Kongo. Nilitaka ajue kwamba urani si hadithi ya kuchezea. Nikamwambia mawe mengi yaliyotumika kutengeneza mabomu yaliyoangushwa Japani yalichimbwa Kongo, hapo jirani, na watu weusi walioyabeba na kuyachambua kwa mikono bila kuambiwa ni nini. Kwenye hadithi za bomu wanatajwa wanasayansi, wanatajwa marubani, hata ndege ina jina lake. Wabebaji hawatajwi. Nilisema hayo kwa uchungu, kwa sababu kila nikifika hapo darasani napata uchungu. Baba yeye aling'ara uso. "Kongo na sisi ni udongo mmoja," akasema. Baada ya siku chache kijiji kizima kilikuwa kikisema mwalimu amethibitisha.

Jumapili baba alikwenda kanisani kumwombea mnunuzi afike salama. Mimi na mdogo wangu tukafukua chungu. Nilikata mpira kwa wembe. Hakukuwa na risasi ya betri. Kulikuwa na karatasi za kung'aa za pakiti za sigara, tabaka juu ya tabaka. Ndani yake kulikuwa na tufe la chuma, kubwa kuliko ngumi yangu, limeliwa upande mmoja na kupakwa lami. Nilikuwa nimekuja na sumaku ya maabara ya shule. Urani haishikwi na sumaku ya namna ile. Hili tufe liliinyakua mkononi mwangu.

Mtu yeyote wa Matongo angelitambua. Ukitoka kwetu kuelekea barabarani unapita karasha, yaani mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, pipa kubwa linalozunguka likiwa na gololi za chuma ndani, na gololi hizo zikichakaa hutupwa nyuma ya banda, kuku wanatagia katikati yake. Mdogo wangu amefanya kazi hapo tangu amalize shule. Alilitazama tufe mara moja tu.

"Ni gololi," akasema.

"Baba amewatoa ng'ombe wako kwa gololi ya karasha."

"Ng'ombe wako pia," alinisahihisha. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Ifunge, dada. Ifunge kama ilivyokuwa. Wazee wa Kemambo wameshasikia. Wanakuja kwa ajili ya jiwe."

Nikamwambia mimi siwezi kusema uongo mbele ya wazee. Akasema hajaniomba niseme uongo, ameniomba ninyamaze. Alikuwa ameshaanza kuokota karatasi za sigara moja moja, mwanamume mzima anayebeba magunia ya mawe, na nilimhurumia mpaka nikakasirika.

Sikunyamaza, maana sijaumbwa hivyo. Baba aliporudi nilimwekea tufe wazi mbele yake, na sumaku imeng'ang'ania juu. Alijifunika macho kwa Biblia. Alipoona hajapofuka akachungulia pembeni, akatulia.

"Hilo ni ganda," akasema. "Chuma kiko nje. Yenyewe iko ndani."

"Basi tulipasue tuone."

"Ulipasue?" Alinitazama kwa masikitiko ya kweli. "Si wewe uliyenifundisha kikipasuka kinatokea nini? Unataka kumaliza ukoo?"

Nimefundisha miaka mingi, na huyo ndiye mwanafunzi pekee aliyewahi kunifunga mdomo kwa kutumia somo langu mwenyewe.

Wazee wa Kemambo wakaja. Niseme kidogo kuhusu kuchagua ng'ombe, maana hapo ndipo nilipoangukia. Wenye binti wanaingia zizini, wanazunguka, wananyoosha fimbo: tunamtaka yule. Mwenye zizi akisikia ametajwa ng'ombe anayempenda, anaanza kumponda. Huyo hana maziwa. Huyo ana teke. Huyo mama yake alikufa kwa kifafa. Wageni wanasikiliza kwa heshima, na kadiri ng'ombe anavyopondwa ndivyo wanavyozidi kumtaka, kwa kuwa hakuna mtu anayepoteza mate kumponda ng'ombe mbaya. Wote wanajua mchezo huo na wote wanaucheza kwa uso mkavu.

Zizini walikuwamo ng'ombe wachache tu, wale wa zamani wa baba, wamekonda. Mzee mkubwa wa Kemambo, baba wa msichana, hakuwatazama hata kwa heshima. Alikwenda moja kwa moja kwenye chungu. Baba alikuwa amelifunga upya jiwe lake kwa tyubu mpya. Mzee akalinyanyua, akasikia uzito, akawapa wenzake, nao wakatikisa vichwa mmoja baada ya mwingine. Mwanamke hasimami zizini wakati wa mazungumzo kama hayo, lakini mzee akauliza, "Yule mwalimu wenu yuko wapi?" nami nikaitwa kutoka jikoni, mikono ina unga.

Nikawaamkia. Mzee akaanza kuniuliza kwa taratibu za hakimu.

"Mwalimu, urani ni nzito?"

"Ni nzito, mzee."

"Ni nyeusi?"

"Baadhi ya mawe yake ni meusi."

"Na ni kweli lile bomu la Japani, mawe yake yalitoka hapa Kongo?"

"Mengi yalitoka Kongo."

"Na hapa Tanzania ipo?"

"Kusini ipo, mkoa wa Ruvuma."

"Basi," akasema mzee, na wenzake wakasema basi. Nikaona jinsi ukweli wangu wote ulivyopangwa mstari mmoja ukamfikisha mahali pa uongo. Mdogo wangu alikuwa amesimama karibu na mlango wa zizi, ananitazama. Nilimwangalia, nikaangalia kile chungu, nikawafikiria ng'ombe wangu wanaolala mahali nisipopajua.

"Lakini hili siyo urani," nikasema. "Wazee wangu, naomba mnisikilize. Hii ni gololi ya karasha. Nimeifungua mwenyewe. Ni chuma chakavu, kimetupwa. Hakina thamani yoyote, hata muuza vyuma chakavu atawauliza mmekosa nini cha kumletea. Mkikichukua mtakuwa mmempoteza binti yenu bure."

Baba aliinamisha kichwa, na nilidhani ameona aibu. Kisha mzee wa Kemambo akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeridhika kabisa, akamgeukia mwenzake.

"Umemsikia? Wamemsomesha vizuri. Nimechagua ng'ombe maisha yangu yote, sijawahi kusikia mtu akimponda ng'ombe hivi." Akanigeukia mimi, kwa upole. "Binti yangu, nakuelewa. Mnataka libaki kwenu. Lakini hatutoki hapa bila hilo."

Nikaapa. Nikatoa sumaku. Gololi ikaikamata juu kwa juu kupitia mpira, na wazee wakarudi nyuma hatua wakasema, nguvu hiyo. Kadiri nilivyosema kweli ndivyo mahari ilivyopanda. Mwishowe nikanyamaza, kwa sababu niliona nikiendelea watadai na sumaku. Wakachukua jiwe, wakachukua na mbuzi wachache ili isionekane wametoka mikono mitupu, wakaondoka kwa bodaboda, yule aliyebeba jiwe amelipakata kwenye kanzu kama mtoto mchanga, dereva ameamriwa apite mashimo taratibu asije akapasua wilaya.

Nina habari kwamba huko Kemambo wana kijana wao anayetaka kuoa. Naona wanalitunza jiwe kwa ajili yake. Likienda nyumba nyingine, na huko nako kuna kijana, sijui litaishia wapi. Kwa maelezo ya kitabu, mpasuko wa namna hiyo huendelea mpaka viini viishe au mtu aingize fito za kuuzuia. Mimi nilijaribu kuwa ufito, nikashindwa.

Mdogo wangu akaoa. Nilicheza kwenye harusi yake na nilifurahi kweli, sitasema vinginevyo. Msichana ni mwembamba, mkimya, ana macho ya kuona vitu. Nilipokwenda kuwasalimia baada ya mavuno nilimkuta uani anachambua maharage, nikaketi naye.

"Wifi," akasema, "siku ile zizini ulisema kweli?"

"Nilisema kweli."

"Ni gololi ya karasha."

"Ni gololi ya karasha. Samahani, wifi. Wazee wametudharau sote wawili."

Hakukasirika. Alitupa punje mbovu, akachukua nyingine. "Na mtu akiachika, mahari inarudishwa kama ilivyotoka?"

"Inarudishwa kama ilivyotoka. Ng'ombe kwa ng'ombe."

"Na jiwe kwa jiwe."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mimi nikichoka hapa," akasema taratibu, akiwa bado anatazama maharage, "baba atawarudishia gololi yenu, na mimi nitakwenda zangu. Hakuna atakayenikatalia."

Nilitakiwa nimtetee mdogo wangu. Badala yake nilifikiria Robanda, nyumba yangu, mume wangu ambaye tukigombana hunikumbusha ng'ombe wa kwao kwa majina. Mimi nikichoka, baba yangu atapaswa kuwarudisha wote, nao walivuka Sirari zamani. Nilimtazama yule binti aliyeolewa kwa chuma chakavu, nikamwonea wivu.